Maswali ya Wasomaji: Kumuuguza Anayekaribia Kufa

Barua zinazojibiwa katika ukurasa huu zimetoka kwa watu wanaowauguza wazazi, wenzi au ndugu zao nyumbani, baada ya kuelezwa hospitalini kwamba ugonjwa hautapona tena. Anayezijibu ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya mwili, ya nafsi na ya roho, pamoja na kumsaidia anayemhudumia. Majina ya waandishi yameachwa kwa ombi lao.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 62, ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipata mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, lakini ugonjwa umerudi na sasa yuko nyumbani. Kaka zangu wameagiza asiambiwe lolote ila kwamba ana vidonda vya tumbo na atapona. Usiku tukibaki wawili huniuliza, "Mwanangu, hivi mimi nitapona?" Mimi hujifanya nimesinzia. Nimjibu nini? — Binti, Morogoro

Dada yangu, mama anayekuuliza swali hilo usiku, kaka zako wakiwa hawapo, amekwisha kujichagulia mtu wa kuzungumza naye. Mwanamke aliyesubiri mionzi Ocean Road, kwenye benchi moja na wanawake wenzake wanaosimuliana kila kitu, hawezi kuambiwa kwamba ana vidonda vya tumbo akaamini. Ugonjwa wake anaujua. Asichokijua ni kama ninyi wanawe mko tayari kuuzungumzia, na kila mnapogeuza mazungumzo anapata jibu kwamba hamko tayari, kwa hiyo anabaki na hofu yake peke yake ili asiwasumbue.

Usianze kwa kumpa habari, anza kwa kumwuliza. Mshike mkono umwambie, "Mama, wewe mwenyewe unauonaje mwili wako?" kisha unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Wengi hulijibu swali lao wenyewe: "Naona siendi mbele." Hapo unaweza kusema kweli bila ukatili, kwamba dawa za kuuondoa ugonjwa zimefika mwisho, lakini dawa za kuondoa maumivu zipo, nawe hutamwacha. Usimtajie miezi wala wiki, kwa kuwa hata madaktari bingwa hukosea sana katika hesabu hiyo. Akikujibu kwamba hataki kujua zaidi, hiyo nayo ni haki yake, na usimfuate na ukweli ambao hakuuomba. Pengine ataurudia mwenyewe baada ya siku chache.

Kaka zako usiwachukulie kama maadui. Wanaogopa kwamba mama akijua atakata tamaa na kufa mapema, na hofu hiyo imetokana na mapenzi. Waombe waje siku ambayo muuguzi au daktari atakuwapo, ili maneno mazito yasibebwe na wewe peke yako, uliye mdogo na wa kike katika kikao chenu. Kisha jiulizeni pamoja: iwapo mama atapoteza fahamu mwezi ujao, ni nani kati yenu anayejua anataka kuzikwa wapi, hati ya shamba iko kwa nani, hisa zake za kikoba zimefikia kiasi gani, anamdai nani, na yule ndugu waliyekosana naye aitwe au asiitwe? Mambo haya ni yake. Kumficha ni kumnyang'anya nafasi ya kuyaamua wakati bado ana kauli, na ni dhuluma ambayo familia nyingi hufanya kwa nia njema. Akitaka kuandika wosia, Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husaidia kuuandaa na kuuhifadhi. Ikiwa ni Mkatoliki, msimwite padri dakika ya mwisho. Mpako wa wagonjwa hutolewa kwa yeyote aliye na ugonjwa mzito, na una faida kubwa zaidi akiwa bado anaweza kuitikia sala.

Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's Hospice, kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana upande wa mwili, wa nafsi, wa jamii na wa roho, na kwamba dawa ya upande mmoja haiwezi kutuliza pande zote. Nimewaona wagonjwa ambao dozi zao ziliongezwa mara kwa mara bila nafuu, hadi siku waliyoruhusiwa kuzungumza lililokuwa moyoni.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na wengi huona aibu kuliuliza. Ugonjwa wa mama hufika mahali ukatoa majimaji yenye harufu, wageni wakapungua, naye akaanza kujificha. Mweleze daktari au muuguzi bila kuona haya, kwa sababu metronidazole, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, hupunguza harufu hiyo sana ikitumiwa kwa maelekezo yao.

Baba ana saratani ya tezi dume iliyoingia kwenye mifupa. Amepewa mofini ya maji, lakini baba mdogo ameificha chupa. Anasema ni dawa ya kummaliza mtu, na kwamba jirani yake alikufa siku ya pili tu baada ya kuanza kuinywa. Wengine wanasema itamfanya baba kuwa teja. Usiku baba analia. — Kijana, Mwanza

Baba mdogo hasemi uongo kuhusu jirani yake. Kwa miaka mingi mofini katika nchi zetu imekuwa ikitolewa kwa kuchelewa mno, wakati mgonjwa amebakiwa na siku mbili au tatu, na dawa inayoletwa saa hiyo hulaumiwa kwa kifo ambacho kilikuwa kimekwisha kufika mlangoni. Baba yako hayuko katika hali hiyo. Anapewa dawa kwa sababu saratani iliyoingia kwenye mifupa huuma kuliko uwezo wa panadol, na tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba maumivu makali ya saratani yatibiwe kwa mofini au dawa ya jamii yake.

Mofini ya maji hudumu mwilini kwa takriban saa nne, na ndiyo sababu hunywewa kila baada ya saa nne, iwe maumivu yapo au hayapo. Kosa la kawaida nyumbani ni kungoja mgonjwa alie ndipo apewe. Maumivu yakisharudi kwa nguvu huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha, lakini yakizuiwa kwa saa yake, dozi ndogo hutosha. Kwa kawaida mgonjwa huanzishiwa dozi ndogo, kisha daktari au muuguzi huipandisha taratibu akifuata anavyoeleza maumivu yake. Mara nyingi pia huelekezwa dozi ya kulalia iwe kubwa ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi, lakini hilo lifanyeni tu mkiwa mmeelekezwa.

Kuhusu uteja, mtu anayekunywa mofini kwa kipimo kwa ajili ya maumivu ya saratani si sawa na anayeitafuta ili alewe, na ni nadra mno kwake kuingia katika uraibu. Mwili wake utaizoea, kwa hiyo isikatishwe ghafla, lakini kuzoea huko hakumfanyi kuwa teja. Katika siku za mwanzo anaweza kupata usingizi na kichefuchefu, ambavyo hupungua baada ya siku chache. Kisichopungua ni choo kigumu. Dawa ya kulainisha choo inapaswa kuanza siku ileile mofini inapoanza, na kama hamkupewa, rudini mkaidai, kwa sababu nimeona wazee waliokataa mofini kwa ajili ya tumbo lililojaa tu.

Hatari ipo, na baba mdogo anastahili kuelezwa iko wapi. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: katika chupa moja mililita 5 huwa na miligramu 5, na katika nyingine mililita hizo hizo huwa na miligramu 50. Someni lebo kila mnapopewa chupa mpya, mpime kwa bomba la sindano lisilo na sindano badala ya kijiko cha chai, na mwandike saa ya kila dozi katika daftari. Tezi dume ikiziba njia ya mkojo, figo hushindwa kuitoa dawa na hujikusanya mwilini, kwa hiyo akiacha kukojoa, akilala kiasi cha kutoamshika, akishtukashtuka misuli au akipumua polepole mno, msimpe dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na hospitali, na mfanye hivyo mara moja. Chupa iwekwe mahali pa kufungwa, mbali na watoto, na inayobaki baada ya msiba irudishwe hospitalini.

Majirani zetu wa Uganda waliligeuza jambo hili mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilieneza mofini ya maji inayotengenezwa hukohuko kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa waiandike wenyewe, ili mgonjwa wa kijijini asimngoje daktari asiyekuwapo. Ninatamani nchi zetu zote zingefika hapo.

Baba anataka kuniandikia nyumba kwa kuwa ni mimi niliyemuuguza miaka yote hii. Ndugu zangu wanasema nimemlaghai mgonjwa. Sisi ni Waislamu. — Msomaji, Tanga

Usishike kalamu wewe. Wasia wa Mwislamu hauzidi thuluthi ya mali, na haumfai mrithi ila warithi wenzake waridhie, nawe ni mrithi. Mzee anaweza kutoa hiba, yaani zawadi, akiwa hai, lakini hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa na wanazuoni kama wasia, kwa hiyo karatasi itakayosainiwa kitandani kwa siri huenda ikavunjwa mbele ya kadhi au mahakamani na kuwaachia uadui tu. Mwombe baba aseme nia yake mbele ya watoto wote, akiwapo sheikh mnayemwamini na mwanasheria, wakati akili yake bado ni timamu. Inawezekana ndugu zako wakaridhia. Ukilipwa chochote kwa kazi uliyoifanya, kilipwe hadharani.

Bibi yetu ana miaka 84 na moyo wake umechoka. Wiki kadhaa amekuwa akidhoofika, na sasa ni siku ya nne hali chochote. Analala mchana kutwa, na wakati mwingine huzungumza na marehemu babu. Shangazi wanasema tunamwua kwa njaa na wanataka akawekewe dripu. Bibi mwenyewe alisema hataki kufia hospitali. — Wajukuu, Unguja

Swali la kwanza ni kama mabadiliko haya yalikuja taratibu au ghafla. Mzee aliyekuwa akitembea juzi, leo akawa haongei, apimwe malaria, sukari na mkojo kwanza, kwa sababu hayo yanatibika na si kila udhaifu ni kifo. Lakini mnavyoeleza, bibi amekuwa akishuka kwa wiki kadhaa. Mwili unaofunga kazi zake haukitaki chakula tena. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Shangazi zenu wanaona kulisha ndiko kupenda, nao wamelelewa hivyo, kwa hiyo msibishane nao bali wapeni kazi.

Kazi hiyo ni kinywa. Kiu ya mtu aliye katika siku za mwisho hutokana zaidi na ukavu wa mdomo, na dripu haiuondoi. Kwa mwenye moyo uliochoka, maji hayo huweza kuvimbisha miguu na kujaa kwenye mapafu, akazidi kuhangaika kwa pumzi. Shangazi mmoja achukue kitambaa laini kilicholowekwa kwenye maji safi, apanguse ulimi, ufizi na ndani ya mashavu kila baada ya saa moja au mbili, kisha apake midomo mafuta. Akiweza kumeza, apewe kijiko kimoja cha maji au uji mwepesi akiwa ameinuliwa kichwa. Asilazimishwe, kwa kuwa kitakwenda njia ya hewa. Mwingine amgeuze ubavu kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya mgongo.

Mtaona mambo yatakayowatisha msipoelezwa mapema. Mikono na miguu itapoa na ngozi ya magotini huenda ikawa na mabaka ya zambarau. Pumzi itaenda kwa kasi, isimame kwa muda unaoweza kufika nusu dakika au zaidi, kisha ianze tena. Kooni kunaweza kusikika sauti ya kukoroma kwa sababu ya mate asiyoweza kuyameza, na kwa kawaida sauti hiyo huwasumbua wanaosikiliza kuliko mgonjwa mwenyewe. Mlazeni ubavu, itapungua. Akizungumza na babu, msimkosoe wala msimwite mganga, maana wengi huwaona waliotangulia na mara nyingi huwatuliza. Akiwa na hofu au anapiga kelele usiku, hapo mwiteni muuguzi, ipo dawa ya kumtuliza.

Usikivu huweza kubaki baada ya macho kufumba, kwa hiyo ugomvi wa dripu na mirathi ufanyike nje ya chumba. Anayejua Yasini amsomee kwa sauti ya chini. Mmoja tu, mtu wa karibu anayempenda, amtamkie shahada taratibu ili naye aitamke, na akishaitamka asishurutishwe kuirudia mara kwa mara kana kwamba yuko kwenye mtihani. Kumlaza kwa ubavu wa kulia akielekea kibla ni vizuri, lakini ikimuumiza au ikimbana pumzi, aachwe alivyo, dini haikuja kumtesa.

Hospitali ibaki kuwa njia ya maumivu yasiyotulia, damu inayotoka kwa wingi, mkojo uliozuilika au degedege. Kwa mengine, neno la bibi litimizwe. Mwarifuni sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu, sasa hivi kwamba mna mgonjwa anayetarajiwa kufia nyumbani, mumwulize ni karatasi zipi zitahitajika.

Mume wangu amepata kiharusi cha pili na huu ni mwaka wa tatu yuko kitandani. Namsafisha, namgeuza, namlisha. Wifi yangu aliyeko Muscat hutuma pesa za dawa, na kila jioni hupiga simu ya video kuniuliza kwa nini kaka yake amekonda. Kuna usiku ninaomba Mungu amchukue, halafu ninaogopa kwamba nimemwua kwa moyo wangu. — Mke, Mombasa

Bibi, dua yako haijamwua mtu. Karibu kila aliyeuguza muda mrefu amewahi kuiomba, ila hawasemi. Unaomba mateso yaishe, yake na yako, na Mola anajua tofauti kati ya hilo na kumtakia mtu mabaya.

Ninachokisoma katika barua yako ni mwili uliochoka, na uchovu wa aina hiyo hautibiwi kwa kuambiwa uvumilie, neno ambalo nadhani umelisikia la kutosha. Andika kwenye karatasi kazi zote za siku moja, kuanzia alfajiri hadi alfajiri, pamoja na kuamka usiku, kufua mashuka na kubadilisha pampasi. Mpigie picha karatasi hiyo umtumie wifi yako, bila lawama, umwambie, "Wifi, hizi ndizo siku zangu, ninaomba nusu ya pesa unayotuma iwe ya mtu wa kunisaidia usiku mara mbili kwa wiki." Anayekaa mbali mara nyingi huuliza kwa ukali kwa sababu hana kazi ya kufanya kwa mikono yake, na majuto yake humtokea kama ukaguzi. Mpe kazi: yeye ndiye apange zamu za jamaa, awapigie vijana wa ukoo simu, afuatilie dawa. Simu ya video iwe siku mnazopatana, usiipokee ukiwa unamsafisha.

Wanaume wa familia nao waje kumgeuza. Hoja ya kwamba kazi hiyo ni ya kike haina msingi. Mgonjwa mwanamume huona nafuu kusitiriwa na mwanamume mwenzake, na mgongo wako hautadumu ukimwinua peke yako. Mtandikieni shuka lililokunjwa mara mbili chini ya kiwiliwili, watu wawili wavute kila mmoja upande wake, badala ya kumshika makwapani.

Ukiona hulali hata anapolala, huli, unampigia kelele au umeanza kumshika kwa nguvu, au unafikiria kujidhuru, nenda kliniki kwa ajili yako mwenyewe siku hiyohiyo. Mombasa mna Coast Hospice, na Nairobi Hospice imekuwapo tangu 1990. Wauguzi wa vituo vya namna hiyo wamezoea kumsikiliza anayeuguza kama wanavyomsikiliza mgonjwa, na wanaweza kukuelekeza mahali pa karibu zaidi pa kusaidiwa. Na Mungu akipitisha amri yake, utaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Wengine watatarajia uwe mpokea wageni wa msiba tangu siku ya kwanza, lakini mwambie wifi yako kuanzia sasa kwamba siku hizo utahitaji kulala.

Shikamoo mama. Nyanya anakaribia kuaga, naye binti yetu wa miaka saba anataka kuingia chumbani kwake. Majirani wanasema ataota vibaya. — Baba, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Mwacheni aingie akiwa anataka, na atoke anapotaka. Mwelezeni kwanza atakachokiona: kwamba nyanya amekonda, anapumua kwa sauti na huenda asijibu. Msimwambie kwamba nyanya amelala au amesafiri, kwa sababu mtoto anayeambiwa hivyo huogopa kulala na humngoja msafiri getini; mwambieni kwamba anakufa, na kwamba kufa ni mwili kuacha kufanya kazi usirudi tena. Watoto wa umri huo pia hudhani ugonjwa umesababishwa na kosa lao, pengine siku waliyomkatalia nyanya maji, kwa hiyo mwambieni waziwazi kwamba si yeye. Mwalimu wake wa darasa naye aarifiwe, maana shuleni ndiko atakakouliza maswali ambayo hatawauliza ninyi.